Imekufa Sikio Moja Tena

Ingekuwa hedifoni zinakufa zote mbili kwa pamoja, tungeshazoea. Mtu angezitupa, angesubiri mwisho wa mwezi, angenunua nyingine, maneno yangeisha. Lakini zinakufa sikio moja. Leo kushoto kumenyamaza. Kesho kushoto kunarudi ukiukunja waya namna fulani. Keshokutwa umekaa dirishani kwenye daladala ya Mbagala umeubana waya kwa vidole viwili pale unapoingia kwenye simu, shingo imekakamaa, kwa sababu ukijisahau kidogo tu sauti inakwaruza na upande unakata. Pandeni basi la mwendokasi la Dar es Salaam asubuhi kutoka Kimara hadi Kivukoni mtazame wenyewe. Watu wazima, wenye familia na vyeo kazini, mkono mmoja umeshika bomba na mkono wa pili umezama mfukoni. Huo wa mfukoni ndio unaoshikilia nusu ya pili ya wimbo.

Tunaolalamika ni wengi na shughuli zetu hazifanani. Yuko mlinzi wa usiku anayefuatilia mpira kwenye simu ya kiswaswadu. Huyo hana hiari, maana waya wa hedifoni ndio antena ya redio ya FM; asipochomeka hedifoni, simu nyingi za aina ile hazikamati stesheni hata moja. Yuko mwanafunzi wa chuo anayerudia mihadhara aliyoirekodi. Yuko dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni ya Tunduma, yuko mama anayesikiliza mawaidha huku akimenya viazi, yuko kijana wa Manzese anayetengeneza biti za singeli kwenye kompyuta ya kuazima na anahitaji kujua kila mlio umekaa upande gani. Wote hawa wametoa hela kununua pande mbili wakaishia na mmoja.

Wapo wanaotuona tunadeka. "Si unasikia na hilo moja?" Ndiyo, tunasikia, ila tunasikia nusu. Rekodi ya stereo ni njia mbili za sauti zilizopangwa makusudi, na aliyeipanga alitegemea msikilizaji ana masikio mawili yanayofanya kazi. Kwenye rumba nyingi gitaa la solo limesogezwa upande huu na la ridhimu upande ule, na utamu wote uko katika kuulizana na kujibizana kwao. Upande mmoja ukifa, unabaki na gitaa linalojibu maswali usiyoyasikia. Katika baadhi ya rekodi za miaka ya 1960, stereo ilipokuwa bado ngeni, mafundi mitambo walimweka mwimbaji upande mmoja na vyombo upande mwingine kabisa. Ukikosa upande wa mwimbaji, umekosa wimbo.

Na kuna kifo kingine kinachotatanisha watu zaidi ya hicho. Masikio yote mawili yanatoa sauti, lakini mwimbaji hayupo. Kinanda kipo, mwangwi upo, makofi yapo, maneno ya wimbo yamepotelea mbali. Watu hudhani wamepakua wimbo mbovu. Kilichotokea ni kwamba waya wa tatu, ule ambao pande zote mbili zinautumia kurudishia umeme, umekatika au haugusi sawasawa. Umeme ukikosa njia ya kurudi hupita kwenye spika moja kuelekea nyingine, na kila kilicho sawa pande zote mbili hufutana. Sauti ya mwimbaji kwa kawaida huwekwa sawasawa katikati, kwa hiyo yeye ndiye anayefutika wa kwanza. Tumewahi kuona watu wakifuta nyimbo zote kwenye simu kwa ajili ya kosa la waya mmoja mwembamba, na hakuna aliyewaambia.

Tukae kwenye suala la afya, maana hili linatuuma kweli. Sikio moja likinyamaza, mkono unakwenda wenyewe kwenye sauti. Injini ya daladala inanguruma, konda anaita abiria, redio ya dereva nayo iko juu; lile sikio lililobaki linabebeshwa mzigo wa mawili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki akiwa anasikiliza kwa desibeli 80, na ukifika desibeli 90 zile saa 40 zinashuka hadi 4 tu kwa wiki nzima. Saa nne ni safari chache za kwenda na kurudi kazini kwa mtu wa Mbagala au Gongo la Mboto. Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo vya kupokea sauti, na vikishakufa haviwezi kuota tena. Kwa hiyo hedifoni ya bei ndogo iliyokatika upande inaweza kumgharimu mtu kitu ambacho hakiuzwi dukani. Tunapolalamika, tunalalamikia na hilo.

Sasa tuseme inapokatikia, kwa sababu hapa ndipo hasira yetu ilipo. Inakatikia shingoni. Tunasema shingo ya pini, pale chuma kigumu kinapoishia na waya laini unapoanzia. Wakati mwingine inakatikia kwenye maungio, pale waya mmoja unapogawanyika kuwa miwili, na wakati mwingine juu kabisa karibu na sikio, lakini mtu yeyote aliyewahi kukaa na fundi atakuambia shingo ndiyo inayoongoza. Sababu haihitaji shule kubwa. Simu iko mfukoni, unakaa, unainuka, unapanda ngazi, unaitoa kutazama ujumbe, unairudisha. Kila mara waya unajikunja palepale. Shaba ikikunjwa mara nyingi sehemu moja huwa ngumu, kisha hukatika uzi mmoja baada ya mwingine. Ndiyo maana sauti haifi ghafla. Kwanza inakwaruza, inapotea na kurudi, halafu inaondoka moja kwa moja.

Na dawa yake inajulikana. Ni mpira laini wenye mikato midogomidogo unaovishwa pale shingoni, ili mkunjo usambae kwenye sentimita kadhaa badala ya kukaa nukta moja. Dawa nyingine ni pini iliyopinda, ile inayolala ubavuni mwa simu, isiyopokea uzito wote wa mfuko. Hakuna ugunduzi mpya unaosubiriwa hapa. Pini yenyewe ina ukoo mrefu: kubwa yake, ya milimita 6.35, ilitokana na ile waliyokuwa wakichomeka wahudumu wa simu kwenye mbao za kuunganishia watu tangu karne ya 19. Hii ndogo ya milimita 3.5 ilienea na redio za transista, kisha Walkman ya Sony ya mwaka 1979 ikaiingiza mifukoni mwa watu waendao kwa miguu. Muda wote huo watengenezaji wamejua waya unakatikia wapi. Chukua hedifoni ya mezani kwa muuzaji uitazame: shingo yake bado ni nyembamba, na mpira ukiwepo mara nyingi una umbo tu la mpira, mgumu usiokunjika, umewekwa kwa ajili ya macho. Yule aliyeuchora alijua kinachotakiwa kuwa pale, kwa sababu amekichora. Akaacha kukitengeneza.

Mtu akitaka kuona tulichouziwa, aende Kariakoo, Mtaa wa Aggrey au mtaa wowote wa jirani, akasimame kwenye meza ya fundi simu. Fundi haulizi maswali mengi. Anaichomeka hedifoni kwenye simu yake mwenyewe, simu anayoijua, anafungua wimbo anaoujua, kisha anaanza kuukunja waya taratibu kuanzia shingoni kwenda juu, sikio moja kwake, jingine akimpa mteja. Sauti ikiruka, amepata. Anakata juu kidogo ya pale, anaivua ile ngozi ya plastiki kwa kucha na wembe, na ndani zinatokea nyuzi nyembamba za shaba zenye rangi: nyekundu, kijani, na nyingine ya rangi ya shaba yenyewe, zimesokotwa pamoja na uzi mweupe wa nguo ili zisikatike zikivutwa.

Hapo ndipo anapoharibu mtu asiyejua. Zile rangi ni vanishi inayozuia umeme, na nyuzi zinagusana humo ndani bila kuchanganya kwa sababu ya hiyo vanishi. Lehemu haishiki mpaka iondolewe. Fundi anawasha kiberiti cha gesi, anapitisha ncha ya uzi kwenye mwali kwa muda wa kupepesa jicho, anaitoa, anaifuta kwa kidole. Akichelewa kidogo, uzi wa nguo unashika moto na shaba inakuwa majivu meusi yanayokatika kwa kuguswa. Kisha pasi ya kulehemu, moshi mdogo, ncha inang'aa. Kwa kawaida kijani inakwenda kwenye ncha ya pini, ambayo ni kushoto. Nyekundu inakwenda pete inayofuata, ambayo ni kulia. Ya rangi ya shaba inakwenda kwenye njia ya kurudi. Tunasema kwa kawaida, kwa sababu wapo watengenezaji wanaojipangia rangi zao, na pini zenye maiki zina pete ya ziada ambayo simu za zamani na za sasa hazikukubaliana mpangilio wake. Fundi asiye makini anaweza kurudisha sauti akaipoteza maiki. Aliye makini anajaribu kila uzi kwa kuugusisha kabla ya kuulehemu.

Tunamsifu fundi huyu na hatusemi kwa kumpaka mafuta. Anafanya kazi ya vipimo vidogo sana juani, chini ya mwamvuli, daladala zikipita nyuma yake, kwa malipo ambayo wakati mwingine hayafiki nauli ya kwenda na kurudi. Tatizo ni kwamba hedifoni yenyewe nayo inauzwa elfu mbili, elfu tatu. Pini mpya, muda wake na lehemu vikijumlishwa, matengenezo yanakaribia bei ya mpya, na mteja mwenye haraka anachukua mpya. Ile ya zamani inakwenda kwenye mtaro na shaba yake. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilihesabu tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki zilizozalishwa duniani mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Sehemu yetu humo imo mitaroni mwa Jangwani na Msimbazi, na kila mvua ya masika inatuonyesha.

Tunajua jibu tunalopewa. Tunaambiwa ni sisi wenyewe: tunavuta waya badala ya kushika pini, tunazungushia waya kwenye simu, tunalala nazo masikioni. Kuvuta waya kunaumiza, hilo halina ubishi, na anayetaka hedifoni zake zidumu ashike pini kila anapochomoa na azikunje kwa duara kubwa lililolegea. Lakini kitu hiki kinauzwa kwa ajili ya watu wanaotembea. Picha ya kwenye boksi ni ya mtu anayekimbia! Kama hakiwezi kustahimili mfuko wa suruali, basi hakikutengenezwa kwa kazi kilichouziwa.

Jambo jingine linalotukera ni ukimya. Si kila sikio lililokufa limekufa kwa waya, na watu wengi wanatupa hedifoni nzima kwa sababu hakuna aliyewaeleza. Boksi limejaa maneno ya besi nzito na nyota za dhahabu, lakini hakuna mstari hata mmoja wa Kiswahili unaosema ufanye nini upande ukinyamaza. Basi tunaambizana wenyewe, vituoni na saluni, na maarifa yenyewe ni haya. Kwanza ichomeke kwenye simu ya mwenzako. Ikiimba pande zote kule, hedifoni ni nzima na mbovu ni simu yako, tena huenda si mbovu hata kidogo. Vua kava. Kava nene za mpira huizuia pini isiingie mpaka mwisho, na pini ikibaki nje milimita moja tu inagusa pete isiyo yake. Ukivua kava bado hakuna kitu, mulika tundu kwa tochi. Simu inayokaa mfukoni hukusanya pamba na vumbi la nguo, kila unapochomeka pini unalishindilia ndani, mpaka linakuwa gumu chini kabisa. Zima simu, toa uchafu huo kwa kijiti cha meno cha mbao, polepole, usitumie sindano wala pini ya chuma.

Kisha ingia kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, utafute mizani ya sauti ya kushoto na kulia. Kidole cha mtoto kinatosha kuisukuma upande mmoja, na simu itakaa hivyo miezi bila kukuambia kitu. Palepale kuna kitufe cha sauti ya mono. Kitufe hicho kimewekwa kwa ajili ya watu wanaosikia kwa sikio moja. Kinachanganya pande mbili na kuzipeleka zote kila upande. Mwenye hedifoni iliyokufa sikio moja, na hana hela wiki hii, akiwashe: atapata magitaa yote mawili na mwimbaji wake kwenye sikio lililobaki. Tunashangaa kwamba jambo la msaada mkubwa kiasi hiki limefichwa mahali ambapo mtu hafiki mpaka aelekezwe.

La mwisho katika hayo ni nta. Zile za kuingia ndani ya sikio zina wavu mdogo, na nta ya sikio ikijaa pale sauti inafifia upande mmoja polepole, siku hadi siku, mpaka unaamini upande huo umekufa. Elekeza wavu chini, piga mswaki mkavu laini, ili uchafu uanguke nje usiingie ndani. Maji usiguse.

Wapo watakaotuambia tuachane na waya kabisa. Septemba 2016 Apple ilitoa iPhone 7 isiyo na tundu la hedifoni, na kampuni nyingine zikafuata moja baada ya nyingine. Tukaambiwa sasa hakuna cha kukatika. Basi tulinunua zile zisizo na waya, na zenyewe zinakufa sikio moja vilevile! Kila upande una kibetri chake, na katika nyingi za bei nafuu upande mmoja ndio unaopokea sauti kutoka kwenye simu na kuupasia wa pili, kwa hiyo unachoka mapema kuliko mwenzake. Au vile vichwa vya kuchajia kwenye kikasha vimeshika uchafu, upande mmoja haukuchaji usiku kucha, asubuhi umeamka na mmoja mzima na mmoja maiti. Hapo futa vichwa hivyo kwa kitambaa kikavu. Au pande mbili zimesahauliana: zifute kwenye orodha ya bluetooth ya simu, zirudishe zote mbili kwenye kikasha, zianzishe upya kwa kubonyeza kitufe kama karatasi yake inavyosema, kama karatasi ilikuja. Lakini kibetri kikishakufa, fundi wetu wa Aggrey hana pa kuingilia. Sikio lote limegandishwa kwa gundi, ukilifungua umelivunja. Na ukidondosha upande mmoja kwenye mtaro, hakuna anayekuuzia upande mmoja. Ununue zote, na kikasha juu.

Ulaya wameanza kulishika hili. Kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vingi vya kubebeka ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Tunaitaja kwa sababu inaonyesha kwamba kinachosemwa hakiwezekani kinawezekana sheria ikisema. Wasiwasi wetu ni mizigo isiyokubalika kule itaelekezwa bandari gani.

Maana soko letu linapokea. Juni 2016 Tanzania ilizima simu feki. Kila mtu alibonyeza *#06#, akapata namba yake ya IMEI, akajua kama simu yake itaamka au itabaki kopo. Hedifoni haina namba. Haina anwani ya mtengenezaji, haina tarehe, na jina lake mara nyingi ni la kampuni kubwa lililoongezwa herufi moja au kupunguzwa moja. Ikifa, utamdai nani? Muuzaji amenunua kwa dazeni kwa muuzaji wa jumla, wa jumla amefungua katoni la kontena, na kontena halina mwenyewe wa kumpigia simu. Machinga anayetembeza nyaya begani hatumlaumu. Yeye naye kanunua gizani na mtaji wake uko shingoni mwake, na mteja anaporudi na maneno makali ndiye anayesimama kuyapokea. Lakini dukani, kwenye kuta zenye tangazo la "mali ikiuzwa hairudishwi", hapo tunasema hapana. Sheria ya uuzaji wa bidhaa iko vitabuni tangu enzi za ukoloni, na inasema anayeuza bidhaa kama kazi yake anauza kitu kinachofaa kwa kazi kilichokusudiwa. Karatasi iliyobandikwa ukutani kwa selotepu ina nguvu gani mbele ya hilo? Tunapodai risiti tunaonekana wakorofi kwa sababu ya hedifoni ya elfu tano. Elfu tano ni hela. Ni unga wa siku mbili kwa nyumba yenye watoto, na inatoka kila baada ya miezi michache.

Pia kujaribu dukani kumegeuka mchezo. Muuzaji anachomeka, anafungua wimbo wenye ngoma nzito, sauti juu kabisa, unavaa sekunde kumi, unaambiwa "umesikia?" Umesikia, ndiyo. Kwa kelele ile hata upande uliofifia unapita. Mtu aombe hivi, na asione haya hata foleni ikimsubiri: sauti iwe ya chini, wimbo uwe ule anaoujua, asikilize kushoto peke yake, kisha kulia peke yake, kisha azivae zote na aukunje waya shingoni pande zote nne. Ikikwaruza hata mara moja, airudishe mezani kabla hela haijabadilisha mkono. Na atazame herufi za L na R, za kushoto na kulia: kama zimechapwa kwa wino unaofutika kwa kidole gumba, hiyo hedifoni imeshajieleza.

Tunachodai hakizidi uwezo wa mtu yeyote katika mnyororo huu. Maelezo ya Kiswahili ndani ya boksi, nusu ukurasa tu. Pini za kubadilishia ziuzwe wazi madukani pamoja na hedifoni, za kufungwa kwa skrubu, ili fundi asilazimike kuzitoa kwenye hedifoni nyingine zilizokufa. Wiki nne za kurudisha, kwa anayeuza dukani mwenye leseni na mashine ya risiti. Waya unaochomoka kwenye sikio la hedifoni. Hedifoni za namna hiyo zipo, zinauzwa kwa wenye studio na wenye hela, na waya ukifa wananunua waya tu. Na zaidi ya yote, ule mpira wa shingoni, laini, wenye mikato, sentimita tatu. Wekeni mpira wa kweli pale. Kama unaongeza mia mbili au mia tano kwenye bei, iandikeni juu ya boksi kwa herufi kubwa, tuione, na tutailipa.